Mfalme wa Jina: Maharao wa Kachchh baada ya 1948

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, assalaamu alaykum, na wenzetu wa dini nyingine, habari za jioni.

Sarafu hii naipitisha kwenu, tafadhali irudi. Ni kori, fedha ya Kachchh kule Gujarat, India, ya mwaka 1936. Upande mmoja, kwa hati ya Kiajemi, pana jina la Edward wa Nane wa Uingereza, yule aliyekiacha kiti kabla mwaka haujaisha kwa ajili ya mwanamke. Upande wa pili, kwa hati ya Kihindi, ni jina la Maharao, yaani mfalme wa huko, Khengarji wa Tatu. Senti kumi zetu za tundu za mwaka huo zina jina la Edward peke yake. Kachchh waliweka na jina la mtu wao.

Nimechagua mwaka huo kwa sababu ndio aliozaliwa Pragmulji wa Tatu, kitukuu wa Khengarji na ndiye mtu wa mazungumzo yetu. Alizaliwa katika nyumba inayopiga sarafu. Alipofariki Mei 2021, akiwa na miaka 85, alikuwa raia wa Jamhuri ya India kama muuza chai wa sokoni.

Huku kwetu Baniani tunamjua kwa duka. Tuna hata methali juu yake na kiatu chake, tunaitamka bila kufikiri. Lakini wengi wa hao Mabaniani, na Makhoja na Mabohora vilevile, walitoka Kachchh, na walikuwa na mfalme wao. Ukoo wa Jairam Shivji, uliokodi forodha ya Unguja kwa miongo kadhaa ya karne ya 19, asili yao Mundra, bandari ya Kachchh. Mwaka 1869 alikuwa ni Rao wa Kachchh, yaani mfalme huyo, aliyetangaza kuwa raia wake walioko Zanzibar wawe chini ya usimamizi wa Waingereza. Kauli ya mtu aliyekaa Bhuj, mji mkuu wa Kachchh, ilibadilisha sheria ya nani anamhukumu nani hapa Forodhani. Kumbukeni hilo, maana tunakoelekea mambo yanapungua.

India ilipopata uhuru 1947, tawala za namna hii zilizidi 550. Baba yake Pragmulji, Madansinhji, alishika kiti tarehe 26 Februari 1948. Juni mosi mwaka huohuo utawala ukachukuliwa na serikali ya Delhi. Miezi mitatu na siku chache! Baadaye serikali ileile ikamtuma Norway akawe balozi wake. Naona hapo palikuwa na adabu ya pande zote mbili: mtu umempokonya nchi, kisha unampa kazi ya kuiwakilisha iliyomeza yake, naye anakubali, anafunga tai na kwenda.

Wafalme waliachiwa vitu viwili: cheo, na posho ya kila mwaka isiyokatwa kodi. Iliandikwa ndani ya Katiba, wakaona imefungwa kwa minyororo. Waziri Mkuu Indira Gandhi akaona ni aibu, maskini wa India kulipa posho ya maharaja. Mwaka 1970 alipeleka muswada bungeni, ukapita baraza la chini, ukakwama la juu kwa kukosa kura moja. Akapitia mlango mwingine: Rais akatoa amri ya kutowatambua. Desemba Mahakama ya Juu ikaitengua. Mwaka 1971 mama akashinda uchaguzi kwa kishindo, na kabla ya mwaka kwisha Marekebisho ya 26 ya Katiba yakapita. Posho kwisha, cheo kwisha.

Kwa karatasi, basi, mwaka 1991 Madansinhji alipofariki, hapakuwa na kitu cha kurithi. Lakini watu wa Bhuj walimwita mwanawe Maharao, na waliendelea kumwita hivyo miaka thelathini. Na jina lenyewe lilivyo refu, ndani yake kuna "Mirza", heshima ya tangu enzi za Wamughal, Waislamu waliotawala India. Mhindu wa ukoo wa Jadeja anayeitwa Mirza Maharao. Watu wa Unguja hatuna haki ya kushangaa mchanganyiko kama huo.

Sasa mtu wa namna hii anakula nini? Wenzake wa Jaipur na Udaipur waliwahi mapema, majumba yakawa hoteli. Wa Gwalior waliingia siasa na kugombea kura kama watu wengine. Kachchh ni jangwa la chumvi na upepo, wageni wake wa kulipa zamani walikuwa wachache.

Nilifika Mandvi, mji wa bandari wa Kachchh, kwenye kasri lao la Vijay Vilas lililojengwa miaka ya 1920. Langoni unakata tiketi. Chini ni makumbusho: picha za ukutani, wanyama wa uwindaji waliokaushwa, viti ambavyo kamba imefungwa usikalie. Juu kuna ghorofa ya familia, haipandwi. Nilisimama chini ya ngazi nikatazama viatu vimepangwa kwenye kidaraja cha kwanza, ndara za kawaida kabisa, jozi tatu. Juu redio ilikuwa inasema. Wapenzi wa filamu za Kihindi, jumba hilo mmeshaliona mara nyingi bila kujua, maana hukodishwa kupigia picha. Na mjini, kando ya mto Rukmavati, mafundi bado wanaunda majahazi ya mbao.

Bhuj ndiko kwenye maumivu. Tarehe 26 Januari 2001, asubuhi ya Siku ya Jamhuri, ardhi ilitetemeka na maelfu wakafa. Prag Mahal, jumba la mtindo wa Kiitaliano lenye mnara wa saa, lilipasuka. Aina Mahal, jumba la vioo la karne ya 18, lilibomoka sehemu ya juu. Hilo lilijengwa na Ram Singh Malam, baharia aliyejifunza Uholanzi kazi ya vioo, vigae na saa. Malam, jamani, ndiye malimu wetu, mwongozaji wa chombo. Neno moja, bahari moja.

Nani atengeneze? Kwa sheria, nyufa ni za mwenye nyumba. Kwa macho ya watu, majumba ni ya Kachchh nzima. Maharao akawa na mzigo wa kifalme bila hazina ya kifalme. Miaka ilipita mingi kabla saa ya mnarani kulia tena.

Lakini kuna siku moja kwa mwaka alikuwa mfalme kamili. Siku ya nane ya Navratri, sikukuu ya Wahindu ya usiku tisa, ukoo huenda Mata no Madh, kwenye hekalu la Ashapura, mungu wa kike mlinzi wa Kachchh. Ibada yenyewe wanaiita patri. Kishada cha majani huwekwa juu ya sanamu. Maharao husimama mbele yake ametandaza nguo kwa mikono miwili, kama mtu anayengoja kumwagiwa mchele. Ngoma zinapigwa. Hakuna anayeruhusiwa kugusa. Anangoja mpaka majani yaanguke yenyewe ndani ya nguo. Yakianguka, mungu amekubali, na Kachchh imepata baraka za mwaka. Dakika zote hizo mzee yule kanyoosha mikono, halaiki nyuma yake imeshika pumzi.

Pragmulji hakujaaliwa mtoto. Afya ilipomdhoofu, ukazuka mzozo ndani ya ukoo: nani asimame na ile nguo? Haukuisha barazani. Ulifika mahakamani, mbele ya hakimu aliyeapa kuilinda Katiba iliyofuta wafalme, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kusikiliza mawakili wakibishana ni mikono ya nani itakayopokea majani.