Igeuze Kofia Uone Ndani: Kununua Kazi za Mkono Mji Mkongwe

HAMISI: Assalamu alaikum, msikilizaji. Leo tumekaa barazani Mji Mkongwe, Unguja, mlangoni kwa kina Zuhura. Ukisikia kengele ya baiskeli au mtu anapiga hodi, ndiyo mji wenyewe huo. Dada Zuhura, hujambo?

ZUHURA: Waalaikumu salaam, sijambo. Karibu Unguja, kaka Hamisi. Naona hukuja mikono mitupu.

HAMISI: Nimeshuka boti asubuhi, nikapita Forodhani, nikazunguka nyuma ya Ngome Kongwe, nikaingia mtaa wa Gizenga. Maduka yamefuatana ukuta kwa ukuta: nguo, picha, vinyago, shanga, viungo. Mpaka natokea upande wa pili nimeshanunua hii kofia. Muuzaji kaniambia ya mkono.

ZUHURA: Hebu niione. Uliigeuza?

HAMISI: Kuigeuza vipi?

ZUHURA: Ndani nje, hivi. Tazama. Mshono wote una urefu mmoja, toka hapa mpaka kule, hauchoki. Na pale ua linapokwisha, uzi umekatwa kwa mkasi ukaachwa unaning'inia. Hii kapiga cherehani. Kofia ya cherehani haina ubaya wowote, utaivaa na itakupendeza, lakini haitakiwi kuuzwa kwa bei ya mkono. Haya, sasa shika hii yangu.

HAMISI: Imekakamaa.

ZUHURA: Wanga huo. Inafuliwa, inatiwa wanga, inakaushwa juu ya bakuli lililofudikizwa ili ishike umbo. Inua juu, itazame kwenye mwanga.

HAMISI: Mashallah. Inapitisha nuru kila mahali. Vitobo vidogo vidogo, sijui ni mamia.

ZUHURA: Ndiyo maana ya kofia ya viua. Kila kitobo kinafunguliwa kwa ncha ya sindano, kisha uzi unazungushwa ukingoni mpaka kikaze, kisihame tena. Unakwenda cha pili, cha tatu, kimoja ubavuni mwa mwenziwe, mpaka panatokea ua. Ukiviangalia kwa karibu utaona havilingani kabisa. Hiki kimebana kidogo, hiki kimelegea. Hapo ndipo unapomjua mtu. Na vitobo hivyo si pambo tu, vinaingiza hewa. Kwa joto letu la pwani, kichwa kinahitaji kupumua.

HAMISI: Kofia kama hii inachukua muda gani?

ZUHURA: Iliyojaa maua, wiki kadhaa kwa mtu asiyefanya kingine. Lakini nani hafanyi kingine? Wengi wanaoshona ni wanawake, wapo majumbani, wanashika sindano baada ya kupika, kufua na kulea. Hapo inafika miezi. Mama alikuwa anashona dirishani, baina ya alasiri na magharibi, kwa ajili ya mwanga. Adhana ya magharibi ikilia anachomeka sindano kwenye kitambaa, anakunja. Sisi watoto tulikatazwa kugusa lile furushi, kwa sababu jeupe lile, ukiligusa na mkono wa embe umekwisha. Na mara nyingi kofia moja inapita mikono ya watu zaidi ya mmoja. Kuna anayechora maua kwa penseli, kuna anayeshona, na kuna mwenye kuunga duara la juu na ukanda wa ubavuni. Kuunga vibaya kunaharibu kazi yote ya wenziwe.

HAMISI: Sasa nije kwenye bei. Mimi mtu wa Kariakoo. Nikitajiwa bei, naanzia nusu.

ZUHURA: Kwa mchuuzi, patana. Yeye mwenyewe anakutarajia upatane, bei ya kwanza ameitaja ili muanze kuzungumza. Lakini ukifika kwa aliyeshona kwa mkono wake, kaka Hamisi, tafadhali, usianzie nusu. Muulize imemchukua siku ngapi. Ichukue bei aliyokutajia uigawe kwa siku hizo, hapo hapo kichwani. Mimi nimewaona watu wakifanya hesabu hiyo wakanyamaza, wakatoa pesa.

HAMISI: Lakini mgeni atamjuaje mshonaji na mchuuzi?

ZUHURA: Kwa maswali. Nani kashona? Anakaa wapi? Hili ua linaitwaje? Mwenye duka anayenunua kwa washonaji atakujibu bila kufikiri, atakwambia huyu yuko Ng'ambo, upande wa pili wa mji, huyu yuko shamba, huyu tunamngoja alete nyingine mwezi ujao. Asiyejua atakwambia "ya mkono, ya mkono" mpaka uchoke. Na vinyago vingi unavyoviona kwenye maduka yetu vimevuka maji kutoka bara, hata Kenya. Ni kazi za watu pia, zina heshima yake, ila si za hapa. Kama unataka cha Unguja, uliza.

HAMISI: Kama nini, ukiacha kofia?

ZUHURA: Mikoba ya ukili, kwanza. Ukindu, majani ya mkindu, unachanwa, unakaushwa juani, wa rangi unachemshwa na rangi yake. Kisha unasukwa mkanda mrefu, huo ndio ukili. Unaviringishwa kama tairi mpaka utoshe kushonwa mkeka au mkoba. Nenda vijijini upande wa pwani uone wanavyosuka, mkono unakwenda huku mtu anazungumza na wewe, hatazami hata chini! Ukinunua, ubonyeze mkoba uachie. Mzuri unarudi mahali pake. Halafu angalia pale ukili unapoungana na ukili, mshono ukiwa wa kuachana utafumuka ukitia nazi mbili. Na lowesha kidole ukisugue kwenye rangi. Ikitoka kidoleni, itatoka kwenye nguo yako.

HAMISI: Na makubadhi?

ZUHURA: Yakunje. Ngozi inakubali kukunjwa, plastiki inaacha alama nyeupe. Sina zaidi. Vaa tu, yatazoea mguu.

HAMISI: Kanga sijaitaja makusudi, najua utanisahihisha.

ZUHURA: (anacheka) Kanga inachapwa kiwandani, nyingi zinatoka India, hakuna mkono hapo. Mkono unaingia baadaye, kwa fundi. Usinunue kanga kwenye duka la mapambo. Nenda Darajani, ingia mtaa wa Mchangani, wanakonunua wanawake wa hapa. Chukua doti yako, usome jina kwanza, yale maneno yaliyoandikwa, tena ulisome vizuri ujue unamwambia nani. Kisha mpelekee fundi.

HAMISI: Fundi mmoja kule kwetu alimshonea mke wangu gauni la kanga, akalikata jina katikati. Mwanzo wa maneno ukakaa kifuani, mwisho ukaingia kwenye mshono wa kwapa. Mke wangu alilia.

ZUHURA: Lazima alie! Fundi anayeijua kanga anaitandaza sakafuni kabla hajashika mkasi. Anaona pindo litakwenda wapi, mji, ile sehemu ya kati, ukae wapi, jina lisome wapi. Pindo linashuka chini ya gauni, lisipande kwapani. Ukimuona fundi anakata papo hapo juu ya meza bila kuitandaza, chukua kanga zako useme asante.

HAMISI: Kuna kitu ambacho wewe mwenyewe hununui?

ZUHURA: Kitu cha gamba la ng'amba. Bangili, vitana, pete. Kasa huyu anakwisha, na biashara yake ya kimataifa imekatazwa. Na makombe makubwa ya baharini, siyanunui pia. Yaache yakae miambani.

HAMISI: Basi nifanye nini na kofia yangu ya cherehani?

ZUHURA: Ivae kwendea sokoni. Ya mkono usiitafute dukani, agiza. Yule aliyeshona hii yangu, yupo, anashona bado. Anachukua kichwa kimoja kimoja, hana haraka na mtu.

HAMISI: Nasubiri mpaka lini?

ZUHURA: Tukianza sasa, labda kabla ya Ramadhani. Labda baada. Ataangalia macho yake.

HAMISI: Asijiumize kwa ajili yangu. Nitasubiri.

ZUHURA: Njoo karibu basi, vua hiyo. Futi yangu iko hapa. Usikaze paji la uso... Inchi 22 na nusu. Unataka maua mengi au machache?

HAMISI: Yeye anapenda kushona yapi?

ZUHURA: Hilo nitamuuliza kesho.