Joto la Kikaushio na Uhai wa Mbegu ya Mahindi

Ndugu zangu, chukueni punje moja ya hindi, muipasue katikati kwa wembe, kwa urefu wake. Sehemu kubwa mtakayoiona ni akiba ya wanga. Kando yake, kuelekea kitako cha punje, kuna kiinitete, na hicho ndicho kitakachoota. Anayekausha mahindi ya kusaga anaweza kukiua na unga ukapatikana vilevile. Anayekausha mbegu ameshika kitu kinachopumua.

Hindi likishakomaa, pale tabaka jeusi linapojitokeza kwenye kitako cha punje, bado huwa na unyevu wa karibu asilimia 30 hadi 35. Wazalishaji wa mbegu huvuna mapema, punje zikiwa bado kwenye magunzi, kisha huzikausha hadi asilimia 12 hivi. Kwa joto gani? Wengi huniomba namba moja. Namba hiyo haina maana mpaka tuseme mbegu ina maji kiasi gani. Yenye unyevu wa asilimia 40 huweza kuharibiwa na nyuzi 45 za selisiasi, ilhali iliyokwisha kushuka hadi 20 huvumilia joto lilelile vizuri zaidi. Ndiyo maana ni busara kuanza na nyuzi 35 hivi, joto likapandishwa baadaye.

Kinachoumia zaidi ni utando wa seli. Kiinitete kikikauka taratibu hupata nafasi ya kujiandaa: hulimbikiza sukari za sukrosi na rafinosi pamoja na protini za kinga, vitu vinavyoshikilia utando usivurugike maji yanapoondoka. Joto kali likiingia ghafla, maandalizi hayo hukatizwa. Mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, nazo hudhoofika, na mbegu ikilowekwa hukosa nishati ya kujikarabati. Utando huvujisha potasiamu, sukari na asidi za amino, na maji ya kulowekea huanza kupitisha umeme kwa wingi. Kupima umeme huo ni rahisi, nami nakipenda sana kipimo hicho kwa sababu husema mapema kama mbegu imeumia.

Njia nyingine ni tetrazoliamu, kemikali inayobadilika rangi ndani ya tishu hai. Loweka punje, ipasue, itie kwenye myeyusho wake: tishu inayopumua hugeuka nyekundu, iliyokufa hubaki nyeupe. Kwa mbegu iliyounguzwa na kikaushio, tazameni mzizi kwanza. Mara nyingi huumia kuliko chipukizi, kwa hiyo mche hutoka na jani zuri juu, na chini mzizi umedumaa.

Hapa ndipo jaribio la kawaida la uotaji linapotupotosha. Karatasi yenye unyevu, nyuzi 25, siku 7: hapo hata mbegu iliyojeruhiwa huota. Iwekeni kwenye udongo wenye maji kwa nyuzi 10 wiki nzima, kisha muipeleke kwenye 25, na tofauti itaonekana. Kwangu mimi, asilimia ya uotaji ikiandikwa peke yake kwenye lebo haimtoshi mkulima anayepanda udongo ukiwa baridi.

Na wenye vikaushio, angalieni kipimajoto kimekaa wapi. Maji yanapovukizwa huipoza hewa, kwa hiyo inayotoka juu ya rundo huwa ya uvuguvugu tu, hali magunzi yaliyo karibu na mlango wa hewa yanapokea joto lote. Pimeni pale inapoingia.