Namba iliyomwangusha Fermat

Hamjambo. Kabla sijasema lolote naandika namba hii ubaoni: 4,294,967,297. Tuisome pamoja: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na sitini na saba elfu, mia mbili tisini na saba. Kuna mtu huko nyuma ameishia kwenye laki. Tumsamehe.

Ni namba tasa au siyo? Jina hili "tasa" silipendi sana, maana namba hizi ndizo zinazozaa nyingine zote kwa kuzidishana. Lakini ndilo tulilonalo.

Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, alizikuta namba zinazopatikana hivi: chukua 2, ipandishe kwenye kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, kisha ongeza moja. Unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tasa. Mwaka 1640 akawaandikia wenzake kwamba anaamini zinazofuata nazo ni hivyo hivyo. Inayofuata, 2³² + 1, ndiyo hii iliyo ubaoni.

Tuseme unataka kumhakiki. Utaigawa kwa kila namba tasa iliyo chini ya 65,536 (karibu sawa na kipeuo chake cha pili), nazo zipo 6,542. Kwa kalamu na wino! Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Euler, akiwa St. Petersburg, Urusi, akatangaza kwamba 641 inaigawa bila baki. Baadaye akaeleza sababu: kigawanyo chochote cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza moja. Hesabuni nami: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa, zinabaki tano. Ya tano ndiyo yenyewe.

Sasa wekeni simu chini, hili tutalifanya kwa kichwa. 5 mara 128 ni 640. Na 625 jumlisha 16 ni 641. Basi, ni hayo mawili tu. 128 ni 2⁷, kwa hiyo 5 × 2⁷ imepungukiwa moja kuifikia 641. Tunaposhughulika na mabaki ya kugawa kwa 641 tu, ni sawa na hasi moja. Ipandishe kwenye kipeo cha 4 na ile hasi inafutika: 625 × 2²⁸ inabakiza 1. Lakini 625 nayo imepungukiwa 16, yaani ni sawa na hasi 2⁴. Zidisha: hasi 2³² inabakiza 1. Hivyo 2³² ikiongezewa moja inabakiza sifuri.

(Makofi kidogo.) Makofi hayo ni ya Euler, siyo yangu. Ukiigawa namba ya ubaoni kwa 641 unapata 6,700,417, nayo ni tasa.

Tangu hapo, hakuna namba ya Fermat nyingine iliyoonekana kuwa tasa baada ya 65,537, ambayo leo inatumika sana kufunga siri za tovuti mnazofungua. Kituko ninachokipenda ni ile inayotoka kwenye 2 yenye kipeo cha 2²⁴. Ina tarakimu 5,050,446. Imethibitishwa kwamba siyo tasa, inavunjika, lakini hakuna aliyewahi kuonyesha hata kipande chake kimoja.

Haya, maswali.