Moshi Unaotoka Ardhini: Ziara ya Nicodemus, Kansas

Jamani, asanteni kwa kuja na mvua yote hii. Niliahidi kuwapeleka Marekani, ila si kule mnakokuona kwenye televisheni. Leo tunakwenda magharibi ya jimbo la Kansas, kwenye tambarare ya majani isiyo na mwisho. Unaendesha gari barabara namba 24, ngano kushoto, ngano kulia, mbingu imekufunika kama sufuria. Halafu kinatokea kibao: Nicodemus. Ukipiga chafya, umeshaupita.

Mimi nimekulia Kisauni, Mombasa, jirani na kengele ya Frere Town, ambako wamisionari waliwapa makazi watumwa walioachwa huru mwaka 1875. Kwa hiyo nilijiona najua mji wa watu huru unafananaje. Nilikosea. Frere Town ilikuwa chini ya misheni. Nicodemus, ulioanzishwa 1877, ulikuwa mji wa Weusi wenyewe, ingawa mmoja wa waliouanzisha, W. R. Hill, alikuwa Mzungu mfanyabiashara wa ardhi. Mwenzake, W. H. Smith, alikuwa Mweusi.

Walisambaza vipeperushi huko Kentucky, jimbo la kusini lililokuwa la watumwa: njooni, ardhi ipo. Na kisheria kweli ilikuwapo, kwani sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mtu kujipatia ekari 160 akiishi hapo na kulima. Mtu aliyeuzwa mnadani miaka michache nyuma, leo anaambiwa atakuwa na shamba lake. Ungekuwa wewe usingefunga mizigo?

Sasa msikilizeni Willianna Hickman, aliyefika 1878. Walishuka kwenye treni mji wa Ellis. Surua ikawaingia watoto, wengine wakazikwa hapohapo. Waliobaki wakasafiri siku mbili kwa kufuata dira, maana barabara hakuna. Mara wanaume wakapaza sauti: Nicodemus ile! Mama wa watu akakodoa macho, haoni kitu. Mji uko wapi? Mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo waliyochimba, kwa sababu miti ya kujengea haikuwapo. Akaanza kulia.

Nilisimama pale nikajaribu kuuona ule moshi. Sikuona. Nilisikia upepo tu, na upepo wa Kansas haunyamazi.

Baadhi walirudi walikotoka mara moja, na siwalaumu. Waliobaki walipata majira ya baridi ya kwanza bila chakula cha kutosha. Wazee wa mji husimulia kwamba wawindaji wa Kiosage, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, waliokuwa wakipita waliwagawia nyama. Baadaye wakajenga kwa mabonge ya udongo yaliyoshikwa na mizizi ya majani, kisha kwa mawe ya chokaa. Wakapata makanisa, shule, hoteli, magazeti. Edward McCabe, mkazi wa hapo, alichaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima mwaka 1882. Mtu Mweusi, kwa kura, Kansas, 1882!

Kilichoua mji ni reli. Wakazi walipiga kura kuikopea kampuni moja ya reli dola 16,000 ili ipite kwao. Haikuja. Mwaka 1888 kampuni nyingine ikajenga njia yake ng'ambo ya mto Solomon, kukazuka mji wa Bogue, na wafanyabiashara wakahamisha maduka yao kuufuata. Hakuna vita wala moto. Ni chuma tu kilichopita upande wa pili wa mto. Posta nayo ilifungwa 1953.

Yamebaki majengo matano ya kihistoria, yanayotunzwa na serikali kuu tangu 1996. Ukumbi wa mji, uliojengwa 1939, ndiko wageni wanakopokelewa. Kuna mwenzangu alilalamika kwamba hakuna cha kuona. Nilimwambia tumekuja wakati mbaya.

Kwa sababu kila mwisho wa Julai wajukuu na vitukuu wanarudi kutoka kila pembe ya Marekani, mji unafurika. Na sherehe yenyewe, hapa ndipo nilipofurahi zaidi, asili yake ni tarehe 1 Agosti 1834, siku ya uhuru wa watumwa wa Karibi chini ya Uingereza. Watu wa Kentucky, katikati ya nyasi za Kansas, waliichagua siku ya wenzao wa visiwani.

Mkitaka kwenda, basi nendeni wikiendi ile. Petroli jazeni Hill City, na bebeni maji.