Kadi Bure, Karatasi Ghali

Wazee wangu, shikamooni. Na nyie vijana mliosimama kule nyuma, sogeeni, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie leseni na vitambulisho hapa Marekani. Naanza na mama mmoja Mkongo niliyemsindikiza ofisi ya leseni. Kuendesha hakutaka, alitaka kitambulisho tu, afungue akaunti benki. Alibeba bahasha ya kaki, ile ambayo haiachi hata akienda kanisani. Karani akatoa karatasi moja moja. Hati ya ukimbizi imeanza na jina la ukoo, kadi ya kazi imeliweka mwisho. Tarehe ya kuzaliwa, 1 Januari, kama nusu yenu humu ndani. (Mnacheka, lakini aliyeandikishwa kambini bila kujua siku yake anaelewa.) Halafu tukaombwa karatasi mbili za kuonyesha anapokaa. Anakaa kwa mwanawe! Umeme ni wa mwanawe, mkataba wa nyumba ni wa mwanawe. Tulikwenda mara tatu. Ada ya kadi haikutushinda. Kilichouma ni siku tatu za mshahara wa yule kijana aliyetupeleka, maana basi halifiki kule.

Kwa hiyo nikisikia mwanasiasa anajisifu kwamba jimbo lake linatoa kitambulisho bure, huwa namuuliza: na karatasi zake?

Jimbo la Indiana walipitisha sheria mwaka 2005: huna kitambulisho chenye picha, hupigi kura kama wenzako. Kadi yenyewe wakasema bure. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2008 majaji 6 kwa 3 wakaiacha sheria isimame. Siku chache baadaye, uchaguzi wa mchujo, masista wazee kama kumi hivi wa South Bend, mji wa huko huko Indiana, wakazuiwa kupiga kura kwa kukosa kadi. Kituo cha kura kilikuwa kwenye nyumba yao ya utawa. Aliyewazuia ni sista mwenzao, anawajua wote kwa majina. Ndiyo sheria, angefanyaje?

Texas nako kadi ya kupigia kura ni bure, ila kwa asiye na hati nyingine, cheti cha kuzaliwa kilikuwa dola 22, na mahakama iliyosikiliza kesi ya huko ilielezwa habari za watu wanaosafiri maili 200 na zaidi, kwenda na kurudi, kuifuata ofisi. Alabama, mwaka 2015, walifunga ofisi 31 za leseni wakisema bajeti imebana, zikiwemo za kaunti ambako wengi ni Weusi na maskini. Watu wakapiga kelele, serikali ikakubali kuzifungua walau siku moja kwa mwezi. Siku moja! Mnada wa ng'ombe kwetu unakuja mara nyingi kuliko hiyo.

La kunyang'anywa leseni kwa deni la faini sitalichambua sana, mnalijua. Huendeshi, hufiki kazini. Hufiki kazini, faini utailipa na nini? California waliacha mtindo huo mwaka 2017, na majimbo mengine yakafuata.

California hao hao ndio naona waligusa penyewe. Sheria yao ya mwaka 2014 inampa asiye na makazi kitambulisho bila malipo, na cheti cha kuzaliwa pia bila malipo. Cheti, jamani! Illinois wanampa mzee wa miaka 65 kitambulisho bure, jambo jema, lakini mzee aliyezaliwa jimbo jingine cheti atakinunua huko alikozaliwa.

Kwa hiyo tukienda kumwona mwakilishi wetu, tusimwombe apunguze dola tano kwenye ada. Tumwombe barua ya mwenye nyumba ikubalike, hata kama mwenye nyumba ni mwanao. Tumwombe gari la ofisi lije hapa hapa, Jumamosi, pamoja na mkalimani.

Yule mama, kadi yake ilikuja kwa posta. Jina la ukoo wameliweka mbele. Akaitazama picha, akacheka, akaitia ndani ya bahasha ya kaki.