Leseni ya Miaka 5 na Macho ya Mzee

Kamwene, wazee wangu. Mama zangu mlioacha shughuli zenu sokoni, shikamooni. Nimeomba tuanze mapema ili wenye magari wafike nyumbani kabla ya giza, na giza ni sehemu ya maneno yangu ya leo.

Wengi mnakumbuka leseni ya udereva hapa Tanzania ilipokuwa inadumu miaka 3. Tangu 2019 inadumu miaka 5, na ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Kwa kijana wa bodaboda pale Miyomboni, Iringa mjini, ni nafuu, foleni za TRA, mamlaka ya mapato, zimepungua. Kwa mtu wa miaka 68 mimi naona ni muda mrefu mno. Akihuisha leo, atarudi ana 73. Hapo katikati jicho linaweza kuharibika kabisa, na kadi iliyo mfukoni bado inasema yeye ni dereva.

Nitawaeleza habari za baba yangu. Ameniruhusu.

Baba aliendesha malori ya mbao kutoka Mafinga kwenda Dar es Salaam, na mlima Kitonga anaujua kona kwa kona. Alipostaafu akanunua pikapu ya kupelekea mbolea shambani Ifunda. Jioni akiwa barazani alikuwa anasoma namba ya gari lililosimama ng'ambo ya barabara, bila miwani, kabla yetu sisi watoto. Nani angemwambia kwamba haoni? Lakini mwaka huohuo kioo cha pembeni, upande wa kushoto, kilivunjika mara mbili. Cha kwanza alisema ni geti. Cha pili, mtu wa bajaji. Mara ya tatu, pale Tanangozi, alikuwa mtoto mwenye baiskeli. Mtoto aliangukia kwenye nyasi akainuka mzima, Mungu ni mkubwa. Baba akasimamisha gari, akakaa chini kando ya barabara, sauti haitoki. Usiku ndipo akaniambia: "Mwanangu, yule mtoto hakuwepo. Mara akawepo."

Ilikuwa presha ya macho, glakoma. Haiumi. Mara nyingi huanza kula pembeni, katikati panabaki safi, ndiyo maana mtu anasoma namba ya gari vizuri kabisa na baiskeli iliyo ubavuni haioni. Sisi watu weusi hutupata zaidi, tena mapema. Na uoni uliokwisha kupotea haurudi; matone husaidia kulinda uliobaki, basi. Mtoto wa jicho ana nafuu, kwa kuwa upasuaji hurudisha uoni, ila usiku taa za lori zinamtawanyikia mgonjwa kama mwanga kwenye kioo chenye matone ya mvua. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukipofushwa na taa sekunde 3 tu, umepita mita 66 bila kuona, na ukungu wa Mafinga sijauhesabu.

Wenzetu wamejaribu njia tofauti. Uingereza, ukifika miaka 70 unahuisha leseni kila baada ya miaka 3, unajaza mwenyewe kuhusu afya yako, na jaribio lao la kawaida la macho ni kusoma namba ya gari kutoka mita 20. Baba angelipita. Japani wamekaza zaidi: kuanzia 70 kuna darasa, kuanzia 75 kuna mtihani wa kumbukumbu, na tangu 2022 mwenye umri huo aliyefanya makosa fulani barabarani lazima aendeshe mbele ya mtahini. Anayerudisha leseni kwa hiari anaweza kupewa cheti, na sehemu nyingi humpunguzia nauli ya basi au teksi.

Hilo la nauli limenigusa. Mzee haogopi sana kukosa kadi, anaogopa kukaa ndani akisubiri watu. Sisi tulikosea hapo. Ndugu yangu aliuficha ufunguo, na baba akanyamaza siku mbili, chakula hagusi. Tulirudi kumwomba radhi, tukakaa naye, tukapanga nani wa kumpeleka kanisani, nani kliniki, nani shambani. Sasa mjukuu anaendesha, babu yuko kiti cha mbele, na wakishuka Kitonga yeye ndiye anayesema gia irudishwe lini.

Ninachowaomba ninyi mliovuka 60: msingoje miaka 5. Kila mwaka nendeni mkapimwe macho, na mwombe mpimwe presha ya jicho na uoni wa pembeni, msikubali kuishia kwenye herufi za ukutani. Taa zikianza kuwachoma, acheni kwanza safari za usiku.

Hapo nje nimefunga kamba ya mita 20 kutoka kwenye mwembe hadi kwenye gari langu. Tutasoma namba, kisha kila mmoja atafumba jicho moja, amtazame mwenzake puani, na mwenzake achezeshe vidole pembeni. Anayechelewa kuviona nitamwandikia jina, twende wote hospitali Jumatatu. Tuanze na wazee waliokaa mbele.