Mundu katika Tone la Damu
Mhadhara wa wazi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biolojia na wazazi wao, Kisumu

Wazazi wetu, karibuni. Vijana, hamjambo? Walio nyuma wakisogea mbele kidogo nitashukuru, maana feni hizi zina kelele.

Nimeombwa nieleze mambo ya msingi ya biolojia mtakayokutana nayo mwaka huu: molekuli, seli, jeni, urithi, mageuko. Nimeombwa pia nizungumze Kiswahili, kwa sababu waliowaleta wameketi nanyi, wengine wametoka Ahero na Siaya, wengine wamesafiri kutoka Nakuru. Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Haya ya leo yanamhusu mzazi sawa na anavyohusika mwanawe.

Kitabu chenu kina sura nyingi. Mtasoma molekuli mwanzoni mwa muhula, na mkifika kwenye mageuko wengi mtakuwa mmeshasahau molekuli ni nini. Hilo hunisikitisha kila mwaka. Kwa hiyo leo nimechukua kitu kimoja tu, tone la damu, na nitakifuata popote kinaponipeleka.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mdogo wangu alinipa kidole chake. Nilikidunga, nikachukua tone dogo, nikaliweka juu ya slaidi ya hadubini, nikalifunika kwa kile kioo chembamba, kisha nikazungushia pembeni rangi ya kucha ili hewa isiingie. Tukangoja. Mwanzoni seli zake nyekundu zilikuwa mviringo, zimebonyea katikati kama donge la chapati lililobonyezwa kwa kidole gumba. Humo ndani oksijeni ilikuwa ikipungua. Baada ya muda, seli moja ikaanza kujikunja. Ikachongoka ncha upande mmoja, kisha upande wa pili. Ikafuata nyingine. Tuliporudi kutazama baadaye, mbele ya jicho ilikuwa miundu mitupu, ile ile ya kuvunia mpunga.

Mdogo wangu akainama, akatazama kwa jicho moja. Akakaa kimya kitambo. Kisha akauliza, "Dada, hizi ndizo huniumiza?"

Nikamwambia ndizo. Ana ugonjwa wa selimundu, na ameniruhusu niwaeleze haya yote.

Tuanze na seli yenyewe. Katika milimita moja ya ujazo wa damu ya mtu mzima zimo seli nyekundu milioni tano hivi, na kila moja ina upana wa mikromita saba au nane. Mishipa midogo kabisa ya damu ina sehemu nyembamba kuliko hapo. Maana yake ni kwamba seli hiyo, kila inapozunguka mwili, hulazimika kujinyonga ili ipite, kisha irudie umbo lake. Hufanya hivyo kwa siku 120 hivi. Wakati ilipokuwa ikikomaa ndani ya uboho wa mfupa ilikitoa kiini chake, kwa hiyo haina DNA, yale maandishi ya urithi, na haiwezi kujigawa tena. Imejazwa himoglobini, molekuli takribani milioni 270, kazi yake kubeba oksijeni. Mtakapofundishwa kwamba umbo la kitu hai linafuata kazi yake, kumbukeni seli iliyotupa kiini chake ili ibebe mzigo.

Himoglobini ni protini, na protini ni mnyororo wa asidi amino uliokunjwa kwa ustadi. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146. Mpangilio wake umeandikwa kwenye DNA, iliyo na herufi nne tu, A, T, G na C, zinazosomwa tatu tatu. Maandishi hayo hunakiliwa kwenye RNA, nayo RNA husomwa na ribosomu, kile kiwanda kinachounganisha asidi amino moja baada ya nyingine.

Sasa sikilizeni. Kwenye nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, watu wengi wana GAG. Mdogo wangu ana GTG. Herufi moja imebadilika, A ikawa T, na ribosomu ikatii kama ilivyoandikwa: badala ya asidi glutamiki ikaweka valini.

Mtasema, moja katika 146, kuna neno gani? Asidi glutamiki ina chaji ya umeme na hupenda maji. Valini huyakimbia maji, kama mafuta. Himoglobini ikishaachilia oksijeni yake, valini ile hupata kijishimo kwenye himoglobini ya jirani na kujibanza humo, mbali na maji. Jirani naye hushikana na mwingine, mpaka zinatokea nyuzi ndefu ngumu ndani ya seli. Nyuzi hizo ndizo zinazoivuta seli ikawa mundu. Seli iliyozaliwa ili ijinyonge sasa haipindiki. Inakwama mshipani, nyingine zinakwama nyuma yake, na nyama au mfupa ulio mbele unakosa oksijeni. Hapo ndipo mtu hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Seli hizo pia hufa mapema, siku 10 hadi 20, na uboho haukimbii kasi hiyo, ndiyo maana damu hupungua.

Mwaka 1949 huko Marekani, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa husogea tofauti inapopitishiwa umeme. Kwa mara ya kwanza ugonjwa ulifuatwa hadi kwenye molekuli moja. Mwaka 1956 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha kwamba tofauti yote imo katika kipande kimoja kidogo cha protini hiyo. Mdogo wangu alizaliwa miaka mingi baadaye, na bado alifika umri wa miaka tisa kabla mtu yeyote hajampima. Kila alipovimba mikono, zahanati tuliyopelekwa ilimpa dawa ya malaria tukarudishwa nyumbani. Sijasahau, na sitaki ninyi mtakaokuwa wauguzi na matabibu msahau.

Niseme kidogo kuhusu maji, kwa sababu mtasoma osmosisi na mtadhani inahusu viazi vilivyotiwa chumvi peke yake. Utando wa seli hupitisha maji kuelekea upande ulio na chumvi nyingi. Mtu akitokwa jasho hapa Kisumu mchana wa Februari bila kunywa maji, maji hutoka ndani ya seli zake, himoglobini inasongamana, na nyuzi zile hujengeka upesi zaidi. Ndiyo sababu mama alimfunga mdogo wangu chupa ya maji begani kila siku ya shule. Walimu wengine walidhani ni kudekezwa. Ilikuwa osmosisi.

Na huyo mama ndiye ninayetaka kumzungumzia sasa.

Mtoto alipoanza kuugua akiwa na miezi saba, kwanza palisemwa chira, kwamba kuna mwiko umevunjwa. Baadaye lawama zikamwangukia mama peke yake: damu ya kwao ndiyo mbaya. Alibeba neno hilo miaka mingi. Nami nilipoketi darasa la jenetiki kama mtakavyoketi ninyi, mwalimu akachora mraba mdogo ubaoni, nikaona kwa macho yangu kwamba haiwezekani. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, yaani yale maandishi ya DNA ya mnyororo wa beta, moja ya baba, moja ya mama. Anayeugua selimundu, kama mdogo wangu, amepata nakala iliyobadilika kutoka pande zote mbili. Baba naye alikuwa ameibeba, yu mzima, analima mpunga kama kawaida. Nilikwenda nyumbani likizo ile nikauchora mraba huo chini, kwa kijiti, mbele ya wote wawili. Baba aliutazama muda mrefu. Kisha akamwambia mama maneno ambayo ni yao wawili.

Hesabu yenyewe ni kama kurusha shilingi mbili kwa pamoja, moja ya baba na moja ya mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja tu iliyobadilika, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne ya mtoto mbebaji, moja kati ya nne ya mtoto asiye na nakala hiyo kabisa. Nasema kila mimba. Nimesikia watu wakisema, "Tumeshampata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama." Shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana. Nimezijua familia zenye watoto wawili wagonjwa wakifuatana, na nyingine zenye sita wazima ilhali wazazi wote wawili ni wabebaji.

Kuna swali la miezi saba. Kwa nini mtoto huzaliwa akiwa sawa? Kwa sababu tumboni tunatumia himoglobini nyingine, ya kijusi, ambayo haina mnyororo wa beta. Baada ya kuzaliwa hupungua, na ile ya utu uzima huchukua nafasi yake. Jeni ya ile ya kwanza haipotei, huzimwa tu. Dawa ya haidroksiurea, ambayo mdogo wangu humeza, huongeza himoglobini ya kijusi. Na tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, kisha Marekani mwezi uliofuata, inafuata njia hiyo hiyo: inalegeza kifungo kinachoizima jeni ya utotoni. Bei yake haishikiki kwa watu wa huku. Ila aliyeibuni alianzia pale mnapoanzia ninyi, kwa kuuliza jeni huwashwaje na kuzimwaje.

Sasa tutoke kwenye familia twende kwenye ramani.

Mwaka ule ule wa 1949, kijana Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwanafunzi wa Oxford, alizunguka nchi hii akikusanya damu. Alikuta kwamba kandokando ya ziwa letu na kule pwani, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walikuwa wabebaji. Kwenye nyanda za juu, katikati ya sehemu hizo mbili, hawakufika hata mmoja kati ya 100. Nchi ile ile, na mwendo wa siku moja tu kwa gari. Ziwa na pwani zina nini ambacho milima haina? Kila mzazi hapa anajua jibu. Ni mbu.

Allison alirudi mwaka 1953. Miongoni mwa aliyofanya ni jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu. Wanaume 30 Waluo waliokuwa wamekaa mbali na sehemu za malaria walijitolea kuambukizwa: 15 wabebaji wa jeni ya selimundu, 15 wasio wabebaji. Katika wale wasio wabebaji, 14 waliota vimelea damuni. Katika wabebaji, wawili tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na tangu hapo yamo katika vitabu vya biolojia duniani kote. Mtayasoma chini ya jina la Allison. Mimi huwafundisha wanafunzi wangu kwamba ujuzi ule ulitoka pia katika miili ya wanaume 30 ambao majina yao hatufundishwi. Huenda mmoja wao ni babu wa mtu aliyeketi humu.

Basi tufahamu hivi. Mbu hakuibadili herufi ile. Wanafunzi wengi huandika hivyo kwenye mtihani, na ni kosa kubwa. Mabadiliko ya DNA hutokea yenyewe, wakati seli inanakili maandishi yake, bila kujali kama yatafaa. Mbu alikuja kama chekeche. Chekeche halitengenezi mchele, linaamua upi upite. Asiye na nakala ya selimundu alikuwa hatarini kufa kwa malaria utotoni. Mwenye nakala mbili alikufa kwa selimundu. Mwenye nakala moja alivuka kuliko wote: kimelea hakistawi vizuri katika seli zake, na seli zilizoambukizwa huondolewa upesi na wengu. Aliyevuka akazaa, akarithisha. Kizazi baada ya kizazi, nakala ile ikabaki huku kwetu. Kule milimani, ambako baridi ilimzuia mbu, haikuwa na faida yoyote ya kulipia madhara yake.

Kwa hiyo ukiniuliza kama hii ni jeni mbaya, nitakuuliza kwanza: wapi? Na kwa nani?

Naona mkono. Ndiyo, mama.

[Mzazi mmoja aliuliza kama vijana wapimwe kabla ya kuoana, na kama jaribio la rangi ya kucha linatosha.]

Asante, mama yangu. Wapimwe, ndiyo, na mapema, kabla moyo haujafunga safari. Kipimo hakiwaambii nani amwoe nani. Kinawaambia shilingi zao zina nyuso gani, na uamuzi wanabaki nao wenyewe. Ila wapimwe kwa kile kipimo kinachotenganisha himoglobini, mfano wa umeme ule wa Pauling. Jaribio langu la rangi ya kucha halitoshi, halitenganishi mbebaji na mgonjwa, na nitakueleza nilivyojua.

Siku ile niliandaa slaidi mbili. Ya pili ilikuwa damu yangu. Sijawahi kuugua hata siku moja, na seli zangu zilikaa mviringo muda mrefu baada ya zake. Nilipokaribia kuzima taa nikatazama mara ya mwisho. Zilikuwa zimejikunja.

Damu yetu sote wawili, ambayo haikunyimwa hewa na iliyopakwa ikakaushwa, ipo chumba cha pili mlango wa kushoto. Kwenye slaidi moja mtaona miundu, kwenye nyingine seli zote ni mviringo kama za mtu yeyote. Sikuandika majina. Ingieni watano watano, wazazi kwanza, na msiguse kile kirungu kikubwa cha hadubini, zungusheni kidogo tu kile kidogo.